Maman Kwenye Mlango wa Gereza

Kwenye hoki ya barafu ukikosea hawakuonyeshi kadi, wanakufunga. Kando ya uwanja kuna kibanda chenye benchi na mlango mdogo, na sisi wachezaji tunakiita gereza. Unakaa humo dakika mbili, timu yako inabaki pungufu, halafu mtu wa mlango anakufungulia. Msimu huu, kwenye uwanja wetu wa mtaa wa Forest, mtu wa mlango alikuwa Maman wangu.

Hakuomba. Ligi yetu ya vijana ni ya mkoa tu, kwa hiyo kila familia inatoa mzazi mmoja wa kusaidia. Maman alifika kwenye kikao amechelewa, katoka kanisani, kitenge chini ya koti la baridi. Saa ya mchezo ilikuwa na mtu. Meza ya kuuza gaufres, zile keki bapa za moto, ilikuwa na watu watatu. Ulibaki mlango.

Walidhani kazi yenyewe ni kufungua na kufunga. Maman anahudumia wazee huko Evere, wale wanaogoma kuvaa soksi. Mtu akikaa mbele yake dakika mbili bila kazi, lazima aongeleshwe. "T'as fait quoi?" anauliza, umefanya nini, na anawauliza hata wageni, maana gereza lao limepakana na letu na yeye anafungua yote mawili. Nimeona beki wa watu, kifua kama kabati, akitoka humo na kwenda moja kwa moja kumpa refa mkono. Mechi inaendelea. Refa mwenyewe aliogopa.

Mfungwa wake sugu ni mimi. Msichana ni mimi peke yangu kwenye timu, kimo sina, silaha yangu ni mdomo. Kabla ya Noeli nilikuwa nimeshafungwa mara tatu, zote kwa kumtania refa. Mara ya tatu Maman hakuuliza kitu. Alitazama patins zangu, viatu vya kutelezea barafuni, akasema polepole, "Ukiingia humu tena sababu ya mudomo, patins zinarudi klabu na wewe unarudi korali. Kosa ya gongo ya kuchezea naelewa, ni muchezo. Mudomo, hapana."

Korali, yaani kwaya ya kanisa, nimeshapita. Waliniomba niwe nafungua mdomo bila kutoa sauti.

Donc, basi, kuanzia Januari nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka kocha akaniuliza kama naumwa. Hivyo ndivyo nilivyofika mechi ya mwisho, Jumapili alasiri, nyumbani, mabao nne kwa nne, zimebaki dakika sita, na patins bado ni zangu.

Wageni walikuwa na beki mmoja mrefu sana. Kila nikipita ananisukuma ukutani kwa kiuno, taratibu, kama mtu anayefunga droo. Mara ya tano nilimwambia kitu. Badala ya kukasirika alicheka, ikaniuma, nikamkwaza kwa gongo. Filimbi. Dakika mbili.

"T'as fait quoi?" Maman aliuliza akifunga mlango.

"Gongo, Maman. Nimemkwaza."

"Gongo tu?"

"Gongo tu."

Hapo hapo yule mrefu akapita mbele ya kioo, akagonga kwa glavu na kusema kwa adabu zote, "Madame, kaniita samaki."

"Sikumwita samaki," nikasema.

"Sasa ulimwita nini?"

Ningeweza kudanganya. Lakini huyu ni mwanamke anayeapiwa kila siku na wazee kwamba dawa wamemeza, na kidonge anakikuta kwenye chungu cha maua.

"Nilimwambia, Maman wangu ana samaki aliyegandishwa kwenye congélateur tangu Pasaka, na siku alipotuponyoka kwenye vigae vya carrelage alikimbia kukushinda."

Maman akanipa mgongo. Nikajua basi, yameisha. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Ile ya Pasaka?" akauliza.

"Ile ile."

"Ilifika mpaka bafuni, kwenye mulango ya douche."

Alikuwa anacheka hadi amejishikilia ukuta. Saa ya kifungo changu ikafika sifuri.

"Maman, mulango."

Hakusikia. Kocha alikuwa anapiga ubao kwa ngumi. Sekunde moja, mbili, tatu. Alifungua huku anafuta machozi, na wakati huo huo beki wetu, aliyebanwa kule nyuma, akalipiga palet, kile kisahani cheusi cha mpira, bila kutazama. Likaruka juu ya kila mtu na kutua mbele ya miguu yangu. Ningetoka kwa wakati ningekuwa nimeshakimbilia nyuma kusaidia. Sasa mbele yangu hakuna mtu, golikipa tu.

Nikakimbia. Nasikia chuma kinakata barafu, nasikia yule mrefu anahema kisogoni. Golikipa akatoka, nikainua bega kama napiga juu, akainuka, nikalipitisha katikati ya miguu yake. Tano kwa nne. Nilijigonga ukutani na sikuhisi chochote, timu nzima ikanilalia.

Tukashikilia hivyo hivyo hadi mwisho. Maman hakunipongeza. Alimfuata refa, akaomba kuona karatasi ya makosa. Kumkwaza mpinzani, kosa la gongo. Akasoma mara mbili.

"Bon," akasema, tukapanda tram. Bado sikujua kinachohesabika ni karatasi au samaki.

Jioni nikamkuta mezani, yule samaki wa Pasaka, kapikwa mzima, kichwa kimenielekea.

"Umuombe musamaha kwanza."

Nikamwomba. Maman akanikatia mkia, eti ndiyo sehemu inayokimbia, akala kidogo, akafuta vidole.

"Septemba, musimu ikianza, uwaambie ule mulango ni yangu. Wasinipeleke kwa gaufres."