Sahani Niliyopeleka Mulongwe

Wenzangu wa kundi letu la mapishi kwenye simu wanajua tayari. Acha niwaambie na ninyi. Mama Sifa ndiye aliyetufundisha kupika ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa mawese. Juzi namba yake ilituma picha ya masufuria makubwa, na odio chini yake. Kwa ubahili wangu wa mega za intaneti, sikuifungua. Nikaandika: "Karamu! Nakuya na sahani yangu!"

Nikavaa kitenge cha sherehe, nikapanda pikipiki mpaka kwake Mulongwe, nikaingia uani nikipiga vigelegele. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani, wakageuka kunitazama. Binti wa Mama Sifa alishika simu ya mama yake.

"Mama, haukusikiliza odio? Tunamuzika mama yangu kesho."

Akaipokea sahani yangu, akapakua ndagala.

"Onja weye, utuambie kama iko sawa na ya mama."