Mkanda Mweusi Kwenye Kadi ya Harusi Yangu

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka nacheka peke yangu, hata nikiwa kanisani. Ni siku Shangazi Agata aliponigombeza mbele ya watu shambani Matiri, nami badala ya kununa nikamkumbatia na matope yangu yote.

Wakati huo nilikuwa msichana, nimeajiriwa Mbinga mjini kwenye duka la Mzee Kapinga. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa kahawa wakipanda milimani na malori yao, na madukani vikiingia vitu tusivyowahi kuviona. Mzee Kapinga alileta kompyuta na printa ya wino. Akimaliza kazi anaifunika kitambaa cha kufuma, na ole wako uweke kikombe cha chai karibu nayo!

Kazi yetu kubwa ilikuwa kadi za harusi. Nilibuni kadi yenye mkanda mweusi mnene juu, majina ya maharusi chini yake. Watu waliipenda mno. Kila aliyeingia alisema, "Nitolee kama ile ya mkanda." Basi tukawa tunachapa mkanda huo huo, mahali pale pale, harusi baada ya harusi.

Kisha ikafika zamu yangu. Nilichumbiwa na Filbati, kijana wa Ngumbo, kule ziwani, na harusi ilipangwa baada ya Pasaka. Kadi za upande wake zilitakiwa kuteremka na gari la Jumamosi, kwa sababu mvua zilikuwa zinaharibu barabara na hakuna aliyejua gari jingine lingepita lini. Na huko ziwani walishaanza kunong'ona kwamba bibi harusi wa milimani anajiona. Kadi zisipofika, ningekuwa nimewapa ushahidi.

Alhamisi nikaanza kuchapa. Mkanda ukatoka na mchirizi mweupe katikati, na kila mstari wa maneno ukakatwa vivyo hivyo. Tukasafisha kichwa cha printa kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, wapi! Katriji mpya ya wino, inayokuja na kichwa chake, ilikuwa ya kuagiza Songea, nako walisema zimekwisha. Nililia, mwanangu, sikufichi.

Ijumaa duka halikuwa na kazi, nikaenda Matiri, maana Shangazi alikuwa ameita watu kuandaa ngolo za maharage. Ngolo unazijua: majani yanafyekwa na kulazwa kwa miraba mlimani, halafu unachimba katikati ya kila mraba na kufunika majani kwa udongo, yanakuwa matuta kuzunguka shimo. Mimi, akili yangu ikiwa dukani, nikaanza kuchimba ndani ya shimo la msimu uliopita.

"We mtoto!" Shangazi alipaza sauti. "Mji umekutoa akili? Hapo palishachimbwa! Shimo la mwaka huu linahamia kwenye tuta la zamani. Utachimba hapo hapo mpaka ufike kwenye mwamba?"

Watu wakacheka. Mimi nikasimama na jembe hewani. Kichwa cha printa kina matundu madogo sana yaliyopangwa safu, ndiyo yanayotema wino. Mkanda wangu, kwa kukaa mahali pale pale kwenye kadi, ulikuwa unaangukia matundu yale yale kila siku. Hayo yamechoka na kufa, na wenzao wa pembeni hawajatoa jasho. Nilikuwa nachimba shimo juu ya shimo!

Hapo ndipo nilipomrukia Shangazi. Alidhani mapenzi yamenipandisha kichaa. Nikapata lifti ya gari la misheni, na jioni nikawa dukani. Nikaushusha mkanda kidogo kidogo mpaka ukaangukia matundu ambayo hayajafanya kazi sana. Maneno nikayachapa kwa mwendo wa taratibu, ule ambao kichwa kinapita mara mbili na karatasi inasogea kidogo, ili tundu lililokufa likiruka mahali, jirani yake apazibe. Kadi zikatoka nyeusi tititi. Mzee Kapinga alicheza ngoma ya mganda peke yake kati ya makabati. Tangu siku hiyo, kila kazi tuliusogeza mkanda, na ile printa ikaendelea kutulisha.

Kadi zikateremka Jumamosi, na Ngumbo yote ikaja harusini. Akina mama wa ziwani walicheza ngoma yao ya kioda mpaka vumbi likafika kwenye samaki mbasa wa kukaanga. Shangazi alipopewa nafasi ya kuniusia, alisimama, akawatazama wakwe zangu, siyo mimi.

"Huyu mwanangu hufanya kila kitu vizuri," alisema. "Najua mtakavyofanya: mtamtuma yeye, na kesho yeye, na kesho kutwa yeye. Nawaomba, msimchimbe mahali pale pale kila siku."

Watu wa ziwani hawalimi ngolo, ikabidi waelezwe. Lakini kesho yake alfajiri nilipoamka kwenda kuchota maji, ndoo haikuwepo. Mama mkwe alikuwa anarudi nayo kichwani kutoka ziwani. Nikapiga goti, "Shikamoo mama, jamani, mbona umeenda wewe?"

"Marahaba. Rudi ukalale," alisema. "Leo shimo limehamia kwangu."

Nililia tena, ila safari hii kwa furaha.

Sasa mwanangu, nakuona. Kila kikao cha ukoo wewe, kila mgonjwa wewe, kwaya wewe, kwa sababu hujui kukosea wala kukataa. Usijisifu kwa hilo. Sogea pembeni, uwaachie na wenzako washike ndoo, hata kama mwanzoni watamwaga. Na wewe ukija kuwa mkubwa wa watu, mtazame yule anayefanya vizuri kuliko wote, umwambie apumzike kabla hajaomba.

Mungu akupe nyumba yenye mikono mingi, na alfajiri utakayoamka ukute maji yameshachotwa.