Maji Kidogo ya Mtungi

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa kutia maji kwenye mkojo wangu. Nalisema mapema, msomaji wangu, maana nimezoea kulizunguka. Juzi nilirudi Mambrui kufungua nyumba ya mama, na kwenye rafu ya jikoni nikakikuta kile kijibomba cha kioo, kimepigwa moshi. Nikakishika kwa mikono miwili, kama mtoto wa miaka kumi.

Nina kisukari tangu utotoni, na miaka hiyo ya themanini sukari tuliipima kwa moto. Kila asubuhi, akiwa anakaanga mahamri, mama alitia dawa ya buluu kwenye kijibomba, akadondoshea mkojo wangu matone manane, akakichemsha. Ikibaki buluu, mwili umetulia. Ikigeuka kijani, manjano, hadi wekundu wa matofali, sukari imezidi. Harufu ya iliki na ya ile dawa kwangu ni harufu moja mpaka leo.

Rangi niliiandika kwenye daftari nililolipigia mistari kwa rula. Ikiwa buluu, mama alinivutia kigoda, tukala, yeye mahamri na mimi muhogo wangu. Ikiwa nyekundu, aliisukuma sahani yake. Hakunikemea. Alikaa tu akitazama mlango, mahamri yakipoa, nami nikajiona nimemnyima chakula.

Nje hatukusema. Mwezi wa Ramadhani, jirani alipoleta kaimati za shira, mama alimwambia meno yananiuma.

"Meno gani hayo, hayaponi tangu Rajabu?" jirani akacheka.

Bibi yangu, pale mkekani, akanung'unika: "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nilidhani anamsema mama.

Nikaanza kuchota maji kidogo ya mtungi na kuyachanganya na mkojo kabla sijampelekea mama kikopo. Buluu. Kesho yake, buluu. Mwezi mzima daftari halikuwa na doa, na mama akarudi kuimba jikoni. Kliniki, muuguzi alilifunua ukurasa kwa ukurasa. "Hili ni daftari la mwalimu mkuu," akasema. Kwa sababu ya daftari hilo, dawa yangu ya sindano ikapunguzwa. Kiu ikanishika, kaptura ikawa hainikai kiunoni, nami nikazidi kuongeza maji, mpaka asubuhi moja nikaanguka kando ya jiko, natapika.

Nilizinduka hospitalini. Mama alikuwa ameketi, daftari mapajani.

"Ulikuwa ukitia maji?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ikiwa buluu, unakula."

Akalifunga daftari. Akalipapasa jalada kwa kidole gumba.

"Basi nitakula hata ikiwa nyekundu," akasema.

Na alikula. Asubuhi nyekundu zilikuwa nyingi, naye alitafuna mahamri yake polepole, akinitazama, kama mtu anayetafuna mchanga. Sikumwambia kwamba nilijua hayapiti.

Sasa mama hayupo, wala bibi. Jiko lina kutu, na mlango wa jirani umepigwa misumari. Sukari naipima kwa kimashine kidogo, kwa tone la damu, peke yangu. Namba ikiwa mbaya kalamu bado husita juu ya karatasi. Lakini naiandika ilivyo, kisha nakula.