Mawe Matatu ya Bibi Mwanaidi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungiwa gizani. Bwana Picha Mkuu wa ofisi yetu ya habari ya Korogwe, mtu mfupi asiyevua koti hata jua liwake vipi, alinitia katika chumba cha kusafishia picha, akazima taa, akanipa mkanda wa filamu niuzungushe kwenye gurudumu lake kwa kupapasa. Nilishindwa mara tatu. "Vidole vyako bado havijaenda shule," aliniambia. Ninyi mnaopiga picha mia kabla ya chai hamwezi kuelewa. Mkanda ule ulikuwa na picha kumi na mbili tu, na ukiharibika, umeharibika.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Kiangazi kimoja mtu alichoma shamba lake, moto ukamponyoka, ukala vilima na kijiji kizima upande wa Handeni, mbele ya Chanika. Bwana Mkuu akanituma huko kila mwezi, nipige picha nchi ile ikichipua upya.

"Simama pale pale uliposimama mara ya kwanza," aliniagiza. "Ukisogea hatua mbili, utakuwa umepiga kilima kingine."

Basi nikaweka mawe matatu, moja kwa kila mguu wa stendi ya kamera. Mbele ya mawe hayo kulikuwa na kiwanja cheusi, na nyuma yake kilima kimebaki visiki. Mwenye kiwanja, mjane mmoja aitwaye Bibi Mwanaidi, alikuja akayatazama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo nini hii, umenijengea mafiga nje? Na cha kupika sina!"

Akacheka, nami nikacheka. Lakini nilipoinua kamera alijifunika uso kwa kanga. "Hapana. Usinipige kwenye majivu. Sijapigwa picha tangu nizaliwe, siwezi kuanza hivi. Nyumba ikisimama, nitasimama nayo, wajukuu wanione."

Nikamwahidi. Mwezi uliofuata mvua ilikuwa imenyesha, kilima kimeota majani mabichi, na mtu asingeamini. Kisha nikakuta miti ya nyumba imechimbiwa, halafu udongo umekandikwa. Wanakijiji walijengeana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na akina mama wakibeba maji wakiimba. Kila nikifika, Bibi Mwanaidi aliniuliza, "Bado, ee?" Nami nilimjibu, "Bado paa, bibi." Nilikuwa nikizihesabu siku za safari ile. Sijapata kuipenda kazi kama miezi hiyo.

Mwezi wa kuezeka, Mkuu wa Wilaya alikuja kukagua kijiji. Nilikuwa na mkanda mmoja, na filamu zilikuwa adimu. Nilimpiga akipokewa, akihutubia, akishika jembe. Picha ya kumi na mbili niliimalizia kwenye jembe hilo, maana msaidizi wake alisema ya kwanza haikukaa vizuri.

Nilipogeuka, Bibi Mwanaidi alikuwa mlangoni kwake. Amevaa kanga mpya, amepaka mafuta, amesimama wima kama askari.

Hapa ndipo nilipokosea. Sisi wapiga picha tulikuwa na mchezo wetu tuliouita kupiga hewa: watu wakikusumbua na filamu imekwisha, unafyatua kamera tupu, wanafurahi, unaondoka. Nilishindwa kumwambia kweli. Nikaweka stendi juu ya mawe yale matatu, nikamwambia asitikisike, nikafyatua.

"Utaileta lini?"

"Mwezi ujao, bibi." Niliamini nitarudi na mkanda mpya, nizue kisingizio, nimpige tena.

Mwezi ule nilihamishiwa Dindira kupiga mashamba ya chai. Ningeweza kuandika barua, au kumwomba Bwana Mkuu amtume mwingine. Lakini ningelazimika kusema nilichofanya, nikanyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Miaka ikapita, na baada ya Dindira vituo vingine, mpaka nikastaafu.

Juma lile nililostaafu nilipanda basi kwenda Handeni, kamera begani, mkanda mzima ndani. Kilima kilikuwa na miti mirefu. Nyumba ilikuwa ya matofali sasa. Binti yake, naye mama mtu mzima, alinikaribisha, akaniambia Bibi alifariki zamani.

"Wewe ndiye wa kamera?" aliuliza. "Picha ya mama umekuja nayo? Hatuna hata moja."

Nilimweleza yote. Akanipeleka nje. Mawe matatu yalikuwa pale pale, majani yamepaliliwa pembeni.

"Alitukataza kuyapikia," alisema. "Alisema, mwenyewe akirudi asikose pa kusimama."

Nikaweka stendi juu ya mawe. Nilisimama pale pale, sikusogea hata hatua moja. Nikatazama kwenye kioo cha kamera: kilima, miti, mlango usio na mtu. Picha kumi na mbili ninazo, nami nikashindwa kufyatua hata moja.