Kitabu, Kaka na Posa ya Runazi

Niliporudi Ntobeye na diploma yangu ya elimu ya watu wazima, kata nzima haikuwa na mtu wa kulinganishwa nami isipokuwa padri, na padri alikuwa mgeni. Nilitoka pale na shuka moja na viatu vya kuazima. Nikarudi na sanduku la bati lililojaa vitabu. Haukupita muda nikapata kazi katika kambi ya wakimbizi, kufundisha akina mama kusoma. Wasomi wenzangu wa kambini walipokuwa wakimalizia mishahara yao kwenye bia na nyama choma kando ya barabara ya malori, mimi nilikuwa nasoma.

Riwaya nilizisoma kwa raha, na vitabu vya kujiendeleza kwa bidii. Kimoja nilikipenda kuliko vyote, chembamba, jalada limeng'oka, kilichoeleza jinsi mtu anavyoweza kujitawala. Sikukisoma kama wengine wanavyosoma, kumaliza na kuweka. Sura ya kusikiliza ilinifundisha kumwacha mtu amalize maneno yake, na akina mama kambini walinipenda kwa hilo. Sura ya kuamka mapema ilinipa muda wa kusoma kabla jogoo wa kaka hajawika. Sura ya ulevi ilinifanya niape kwamba tone la pombe halitagusa tena mdomo wangu. Hiyo niliisoma kwa sauti nyumbani, kaka yangu na rafiki zake wakiwa wameuzunguka mtungi, mirija mdomoni. Kaka alikuwa fundi hodari wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kimeandikwa vizuri," akasema, akaurudia mrija wake.

Kusoma ndiko kulikonipatia mchumba. Siku moja lori la msaada lililonipa lifti lilisimama Runazi, upande wa Biharamulo, nikaingia dukani kununua sabuni. Nyuma ya mizani alikaa binti wa mwenye duka, anasoma riwaya ya upelelezi iliyochanwa nusu.

"Mwanzo uko wapi?" nikamuuliza.

"Umefungia watu karanga. Mwanzo natunga mwenyewe. Kaa nikusimulie."

Nikakaa, lori likaniacha. Tangu siku hiyo sikupita Runazi bila kitabu mkononi, na hatukuzungumza jambo bila kuanzia kwenye kitabu. Nilijua nimempata mtu wangu. Nikamwomba kaka anisimamie kwenye posa, kwa kuwa baba yetu alikuwa amefariki.

Kaka alikubali mara moja. Alipika rubisi ya kutosha, tukaibeba kwa madumu ya mafuta ya msaada hadi Runazi, Jumapili baada ya misa. Wazee wa upande wa binti walikuwa wameketi. Tukaamkia, shikamoo kwa kila mmoja, wakaitikia marahaba. Kaka akamimina rubisi mtungini, akachomeka mrija, akarudi kukaa karibu nami, mikono magotini.

Nikaona wote wananitazama mimi.

"Mwenye pombe," baba wa binti akasema kwa upole, "tunakusubiri."

Kwetu anayeleta pombe ndiye anayetangulia kuinywa, mbele ya macho ya wote, waone kwamba hakutia kitu. Leo naijua sababu hiyo. Wakati ule sikuijua, maana nilichukuliwa shule ya bweni ningali mdogo, na utotoni nilipowaona wazee wakitangulia kunywa nilidhani ni uroho wao tu. Tena miaka ile ya wakimbizi uvumi wa sumu ulijaa kila kilabu. Watu walikuwa wakikagua hata uji.

Nilisimama, nikaeleza vizuri kabisa. Nilisema mimi situmii pombe, nimejifunza kujitawala, na kwamba binti yao atapata mume asiyelewa.

Shangazi wa binti akacheka. "Kwa hiyo sisi ndio tutangulie kufa, wewe ubaki na vitabu?"

"Tulia, shangazi," baba wa binti akasema. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, usichoweza kukiingiza kinywani mwako unaniletea mimi?"

Nilimtazama kaka. Alikuwa mpishi wa ile rubisi na msemaji wangu. Angeinama tu, akavuta mara moja, jambo lingekwisha. Alitazama miguu yake. Baba wa binti akasimama, na wazee wote wakasimama naye. Rubisi ilibaki mtungini ikitoa povu.

Tulikuwa tumetembea mwendo mrefu ndipo nilipoweza kusema.

"Ulijua, kaka."

"Nilijua."

"Kwa nini hukuonja?"

Alihamisha dumu tupu kutoka mkono huu kwenda ule. "Tangu urudi unawaambia watu umefika ulipofika bila mkono wa mtu. Nikasema leo nisiutie mkono wangu, mdogo wangu, nisije nikakuharibia."

Na ni kweli nilifika bila mkono wa mtu. Lakini hilo si neno la kumlipizia ndugu siku ya posa yake.

Nilipopita dukani tena, binti aliniita pembeni. Alisema baba yake amepoa. "Rudi na kaka yako. Aonje yeye, maneno yaishe. Ila usichelewe, kuna watu wa Bisibo wameshatuma salamu za posa."

Nilimpa kaka habari hiyo siku ileile, akiwa anakamua ndizi. Nilimwambia kama ilivyo, kwamba mlango uko wazi. Sikumwomba, aliyevunja ndiye anayeunga, hilo halihitaji diploma. Alisema, "Nimesikia," akaendelea kukamua.

Nikasubiri. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na migomba tu, na kila jioni nilikaa mlangoni na kitabu nisichokisoma, nikimsikia akicheka na wageni wake. Maharage yalipovunwa, watu wa Bisibo walikwenda Runazi na pombe yao, wakaionja wenyewe. Kaka hakuvuka ile migomba.