Kiti cha Pili cha Regina

Watu wa Mlali wakikwambia Regina alipewa baiskeli akafurahi, waulize nani alimwona akifurahi. Mimi nilikuwa muuzaji wa duka la ushirika, pale njia zinapogawanyika kwenda shamba la kijiji. Nasema nilichokiona.

Regina alipooza miguu akiwa mtoto, huko juu milimani. Watu tulipohamishiwa kijijini, wifi yake Agnes alimteremsha mgongoni kwa mbeleko. Tangu hapo wanawake walipokezana kumbeba, kwenda shambani kuchambua mbegu na Jumapili kanisani. Ungemsikia kabla hujamwona. Akiwa mgongoni kwa mtu anamnong'oneza mambo, anamtania juu ya mumewe, mpaka aliyembeba anacheka na kuomba amshushe kwanza apumue. Domo alikuwa nalo, na mimi nilimpenda kwa domo hilo hilo.

Kisha wakaja vijana wa shule ya ufundi kutoka mjini. Wakampima mikono, wakaondoka, wakarudi na baiskeli ya magurudumu matatu waliyoiunda wenyewe kwa vyuma vya baiskeli mbovu. Unazungusha kwa mikono, mnyororo unavuta gurudumu la mbele. Kazi safi, sibishi. Kijiji kizima kilipiga makofi.

Sasa, wanawake huenda shambani kwa njia ya mkato, katikati ya migomba, nyembamba ya mtu mmoja mmoja. Baiskeli ile haipiti hapo. Ilibidi Regina azunguke barabara ya trekta, peke yake. "Una gari lako sasa, wifi," Agnes alimwambia, na hakuwa na ubaya. Mgongo wake ulikuwa umechoka, nani amlaumu? Hata kanisani akawa anakwenda mwenyewe, anarudi mwenyewe. Akipita dukani hakuwa tena na la kunitania. Anauliza kama sabuni imekuja, namwambia bado, anaendelea. Iliniuma sana.

Wale vijana waliporudi kuitazama kazi yao, kiongozi wao, Gabrieli, alimwamkia. "Shikamoo mama. Kuna cha kurekebisha?"

"Marahaba. Niwekeeni kiti cha pili, hapo nyuma."

"Itakuwa nzito, mama. Mikono itakuuma."

"Mikono ni yangu," alisema. "Nataka mtu wa kuongea naye njiani."

Wakakiweka, cha mbao, kizuri. Kesho yake asubuhi Asha, mmoja wa wale waliokuwa wakimbeba, akaja pale dukani na debe la mbegu, akalitua pale kitini. "Nichukulie, mwenzangu. Mimi nakata huku, nitakukuta shambani."

Regina alilitazama lile debe. "Debe halipandi bila mwenyewe."

Wanawake wakacheka, wakadhani ni utani wake ule wa zamani. Hakuwa anatania. Asha akajitwika debe lake, wakaingia migombani, nami nikazisikiliza sauti zao mpaka zikapotea.

Mimi ningepanda. Lakini mwanaume kukaa nyuma ya mwanamke asiye na mume, maneno yangefika Mzumbe kabla sisi hatujafika shambani, na yeye ndiye yangemchafua. Nikabaki nyuma ya meza yangu ya duka. Na kila asubuhi alisimama pale mbele, akageuka kwa shida, akakipangusa umande kile kiti cha pili kwa ncha ya khanga, akangoja kidogo, kisha akaenda zake.