Bi Daraja na Fundi Lifti

Kazini walimwita Fundi Meno, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Alikaa chumba cha nyuma cha kliniki, mbele ya meza ndefu iliyojaa vumbi la plasta, na vinywa vya watu asiowahi kuwaona vimepangwa rafuni, kila kimoja na namba yake. Wagonjwa walimshukuru daktari. Yeye wala hakujali. "Mimi navaliwa, sionekani," alizoea kusema, kisha anacheka peke yake.

Alikuwa na miaka hamsini na moja, na hakuwa ameolewa. Si kwamba hakutakwa. Miaka ya kutakwa aliimaliza akimuuguza mama yake. Mama alipofariki, nyumba ile ya vyumba viwili ikawa kubwa ghafla. Mdogo wake, aliyeolewa mji wa mbali, akampigia simu.

"Dada, tafuta watu. Utakaa hivyo hivyo uanze kuzungumza na hayo meno, nayo yakujibu."

Ndipo akajiunga na klabu ya treni za vitofali. Walikuwa watu wazima kumi na wawili, wakikutana kila Alhamisi jioni kwenye chumba cha chini cha maktaba, wakijenga stesheni, milima na mitaa kwa vitofali vya plastiki vya kuchezea, na kupitisha treni ndogo za umeme katikati yake. Mara mbili kwa mwaka walifungua milango, watu wakaja kutazama. Kila mwanachama alikuwa na meza yake. Siku ya maonyesho meza zikiunganishwa, reli inazipita zote na kurudi ilikoanzia.

Mikono iliyozoea kuchonga jino haikupata taabu na vitofali. Mwaka wa kwanza tu alijenga daraja la kijivu la matao saba, refu kama mtu mzima aliyelala. Tangu hapo klabuni akawa Bi Daraja.

Meza iliyopakana na yake ilikuwa ya mgane mmoja, mpole, mwenye mabega mapana, aliyekuwa akitengeneza lifti za majengo ya ofisi. Yeye alijenga mlima, na treni ikishuka mlimani ilikuwa lazima iingie darajani.

"Bila wewe, dada," Fundi Lifti alimwambia siku ya kwanza, "treni yangu ingeishia hewani."

Alimwita dada. Lakini neno dada nani analitilia maanani? Hata muuza vitunguu humwita dada mtu asiyemjua. Miaka sita Bi Daraja alilipokea neno hilo kama shuka la kuazima, mpaka la kwake lifike. Maana kulikuwa na mengine. Fundi Lifti alimfungia taa ndogo chini ya kila tao bila kuombwa. Alipougua mafua, alimletea ndimu mlangoni. Na kila Alhamisi alimsindikiza hadi getini kwake, akasimama mpaka asikie komeo.

"Amekwambia, au umejiambia?" mdogo wake akamuuliza.

"Mambo mengine hayasemwi."

"Dalili ya mvua ni mawingu. Umeyaona?"

"Nimeyaona."

Maonyesho ya mwaka wa sita yalikuwa ya siku mbili. Jumamosi ukumbi ulijaa. Mama mmoja mgeni aliwatazama wakipokezana treni bila kusemeshana, huyu anapunguza mwendo mlimani, huyu anaongeza darajani, akasema, "Mke na mume mkielewana hivi, raha tupu!" Fundi Lifti akacheka tu, akainama kurekebisha waya. Hakukana.

Hakukana! Bi Daraja alirudi nyumbani miguu haigusi chini. Asubuhi ya Jumapili akavaa gauni la bluu alilolishonesha na kuliogopa mwaka mzima. Alikwishaamua: jioni, meza zikishakunjwa, atasema mwenyewe. Kwani aibu ya kusema inazidi upweke?

Saa tano akamwona Fundi Lifti akipenya katikati ya watu, kamshika mkono mwanamke wa makamo mwenye uso wa ucheshi.

"Dada, njoo nikukutanishe. Huyu anapokea simu pale hospitali. Tunaoana mwezi ujao." Akamgeukia mwanamke. "Na huyu ndiye dada yangu ninayekwambia kila siku."

Yule mwanamke hakungoja mkono. Akamkumbatia. "Wifi! Jamani, wifi yangu! Umesifiwa mpaka nikaona wivu."

Neno lile lilimpata katikati ya kifua. Dada waweza kumwita yeyote, lakini wifi ni ukoo. Mke wa mtu akishakuita wifi, umeshapewa chumba chako katika nyumba ile, upande wa ndugu, na mlango umefungwa.

Kwa mazoea ya kazi akayatazama meno ya mwenzake, akitafuta kasoro hata moja. Yalikuwa yake mwenyewe yote, yamekaa sawa.

"Karibu, wifi," akasema, na sauti ikatoka nzima.

Akaendesha daraja lake mpaka saa kumi na moja. Treni zikapita, watoto wakashangilia, watu wakamuuliza alitumia vitofali vingapi, akawajibu. Fundi Lifti mara kwa mara alimtupia tabasamu la mtu aliyetua mzigo.

Wakati wa kubomoa akamsogelea. "Dada, nina ombi. Ndugu zangu wako mbali, hawawezi kusafiri. Siku ya kusaini ndoa nataka upande wangu asimame mtu. Sina mwingine ila wewe."

"Nitasimama."

Akabeba sanduku la matao mpaka stoo, akakaa juu yake, akatia pindo la gauni la bluu mdomoni na kulia. Mtunza maktaba, ambaye ndiye mwenyekiti wa klabu, aliingia kutafuta gundi ya karatasi. Akamwona. Akarudi nyuma taratibu, akafunga mlango, na Bi Daraja akamsikia akiwaambia wenzake nje, "Stoo msiingie kwanza, kuna vitu vinapangwa."

Nyumbani alimpigia mdogo wake. "Yale mawingu," alisema, "mvua yake imenyesha kwingine."

Mdogo wake akasema, "Pole, dada. Nije?"

"Usije. Ukija nitalia zaidi."

Siku ya kusaini alisimama upande wa Fundi Lifti, akaandika jina lake penye mstari wa shahidi. Kisha Alhamisi tatu hakuonekana klabuni. Ya nne alikuja, akamwomba mwenyekiti ahamishiwe meza ya mwisho kabisa, karibu na mlango.

Fundi Lifti akamfuata huko, mikono mifukoni. "Dada, nimekukosea?"

"Hujanikosea kitu."

Na ilikuwa kweli. Hapo ndipo palipouma. Angekuwa mwongo, angemchukia akapona. Lakini mtu yule hakuwahi kumdanganya hata siku moja. Kila Alhamisi, kwa miaka sita, alimwambia waziwazi yeye ni nani kwake.

Maonyesho yaliyofuata treni ya mlimani ilishukia kwenye meza tambarare ya kinyozi mmoja, mwanachama mpya. Matao saba yalibaki masandukuni, na Bi Daraja akajenga mtaa mdogo wa maduka. Waliouliza aliwajibu kwamba daraja linapumzika. Lakini jina la Bi Daraja halikumtoka.

Mke wa Fundi Lifti hakosi maonyesho hata moja. Huja na chupa ya chai, na kabla hajamfikia mumewe humtafuta wifi yake kule karibu na mlango, akammiminia wa kwanza. Bi Daraja hukipokea kikombe kwa mikono miwili, akamuuliza habari za nyumbani, na kuzisikiliza zote.